Elimu ya Ufundi na Elimu ya Utu

Msomaji kijana, katika maisha ya shule huja siku ambayo huna budi kuchagua masomo utakayoyashika na masomo utakayoyaacha. Kwa kuitazama, siku hiyo ni ndogo, maana kinachofanyika ni kuandika maneno machache juu ya karatasi; lakini nyuma ya maneno hayo pana mbuzi na ngamia waliouzwa kwa ajili ya karo, pana wazazi wanaongoja, na pana miaka mingi ya maisha yako ijayo. Mtaala mpya wa Kenya, ulioanza kujaribiwa mwaka 2017, umeifanya siku hiyo kuwa nzito zaidi, kwa kuwa unawagawa wanafunzi wa sekondari ya juu katika njia tatu: njia ya sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati, njia ya sayansi ya jamii, na njia ya sanaa na michezo. Kwa hiyo swali ninalotaka tulipime pamoja si la mchezo. Ni elimu ipi iliyo bora: ile imfundishayo mtu kutenda kazi ya ufundi, au ile imfundishayo kuwafahamu watu?

Kwanza tukubaliane juu ya maana. Kwa elimu ya ufundi nakusudia elimu yote ambayo matunda yake huonekana kwa macho na kupimwa kwa kipimo: udaktari wa watu na wa mifugo, uhandisi, ukulima wa kisayansi, ufundi wa umeme na wa mitambo, na hisabati iliyo mama wa hizo zote. Kwa elimu ya utu nakusudia historia, lugha, fasihi, dini, sheria na falsafa; yaani elimu inayochunguza waliyoyatenda wanadamu, waliyoyasema, waliyoyaamini, na haki wanazodaiana. Elimu ya kwanza huuliza, "Jambo hili hufanywaje?" Elimu ya pili huuliza, "Lifanywe kwa ajili ya nani, na kwa haki gani?"

Nataka kuanza na hoja ya ufundi, na kuieleza kwa nguvu zake zote, maana kumshinda mtu ambaye hukumpa nafasi ya kusema si ushindi. Mimi nafundisha Sericho, katika sehemu ya Garba Tula, Kaunti ya Isiolo. Mto wetu ni Ewaso Nyiro. Hutoka katika nyanda za juu za Mlima Kenya na Nyandarua, hupita Archers Post na Merti, kisha hupotea katika kinamasi cha Lorian. Na katika miaka ya ukame maji yake hukatika njiani. Kati ya mwisho wa mwaka 2020 na mwisho wa mwaka 2022 misimu mitano ya mvua ilishindwa mfululizo katika Pembe ya Afrika, na nchini Kenya peke yake wakafa mifugo zaidi ya milioni 2. Ng'ombe aliyelala chini kwa njaa hanyanyuliwi kwa shairi. Mama mwenye uchungu wa uzazi usiku, mbali na hospitali, hahitaji mtu wa kumsimulia historia ya ukunga, anahitaji mkunga. Mzazi wa huku anapomwambia mwanawe, "Nenda ukasome uuguzi, nenda ukasome mambo ya maji," asidhaniwe kuwa mtu asiyejua thamani ya hekima. Amezika mifugo kwa mikono yake, naye anasema alilolijua.

Hoja hiyo ni ya kweli, wala sitaipunguza mahali popote katika insha hii. Walakini, ni vema ujue kwamba zamani swali hili liliulizwa kinyume. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes kutoka Marekani ilizuru Afrika ya Mashariki kuchunguza elimu, ikashauri kwamba Mwafrika apewe elimu inayolingana na maisha yake ya shamba na kijiji: ukulima, afya na kazi za mikono. Kwa masikio ya leo ushauri huo wasikika kuwa wa busara. Lakini Waafrika wengi wa wakati ule waliutilia shaka. Waliona kwamba mtoto wa mtawala alifundishwa historia, sheria na lugha za kale ili atawale, na mtoto wao akafundishwa jembe na randa ili atawaliwe. Katika nchi ya Wakikuyu wazazi walijenga shule zao wenyewe, na mwaka 1939 kikafunguliwa chuo cha ualimu cha Githunguri, wapate kuwasomesha watoto wao elimu waliyoichagua wenyewe. Hawakulichukia jembe, walikuwa wakulima tangu mababu. Walichokikataa ni kugawiwa jembe peke yake, huku kalamu ikishikwa na mwingine.

Funzo la habari hiyo ni kwamba elimu ya ufundi huweza kuwa ukombozi na huweza kuwa kifungo, na tofauti haimo ndani ya ufundi wenyewe. Imo katika swali la nani anaamua utumiwe kwa kazi gani. Na swali hilo halijibiwi kwa nyundo.

Tazama jinsi ufundi unavyoenda ukiwa peke yake. Mwaka 1947, baada ya Vita Vikuu vya Pili, serikali ya Uingereza ilianzisha mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Palikuwa na fedha, palikuwa na matrekta, palikuwa na wahandisi na mabwana shamba. Kilichopungua ni subira ya kuwauliza wenyeji. Wagogo wa Kongwa walijua kwa uzoefu wa vizazi kwamba mvua ya nchi ile haiaminiki, mashine hazikujua. Mizizi ya miti ikavunja majembe ya chuma, udongo ukakauka ukawa mgumu kama saruji, karanga zikakataa kutoka ardhini. Mwaka 1951 mpango ukaachwa, na zaidi ya pauni milioni 30 zilikuwa zimekwisha kupotea. Watu wale hawakukosa elimu. Walikosa adabu ya kuketi chini na kumwuliza mtu asiyevaa viatu, "Mzee, nchi hii ina tabia gani?"

Yumkini utasema, "Huo ni mfano wa kushindwa, nipe mfano wa kushinda." Ninao, na ulimalizika karibu na kwetu. Ni habari ya sotoka.

Sotoka ulikuwa ugonjwa wa ng'ombe mkali kuliko yote. Uliingia Pembe ya Afrika mwaka 1887 kupitia bandari ya Massawa, ukateremka bara zima hadi kufika Afrika Kusini kabla ya karne ile kwisha. Ulipopita, mahali pengi katika kila ng'ombe kumi walibaki mmoja au wawili, na watu wakafa kwa njaa nyuma ya ng'ombe wao. Karibu na mwaka 1960, katika maabara ya Muguga karibu na Nairobi, mtaalamu Walter Plowright na wenzake walikamilisha chanjo njema ya ugonjwa huo. Huo ulikuwa ushindi wa elimu ya ufundi, na heshima yake ni yake. Kampeni kubwa ya kuchanja ng'ombe wa Afrika ikaendeshwa toka mwaka 1962 hadi 1976, na wengi wakadhani kazi imekwisha. Haikuwa imekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 sotoka ilirudi kwa ukali, maana ilikuwa imejificha pembezoni, katika nchi za wafugaji ambako barabara hazifiki na barafu ya kutunzia chanjo haifiki.

Basi ilipatikanaje huko mafichoni? Kwa njia mbili zilizoshikana. Ya kwanza ilikuwa ya maabara: kufikia miaka ya 1990 ilipatikana chanjo iliyotengenezwa kwa namna ya kustahimili joto kwa wiki kadhaa bila barafu, hata mtu aweze kuibeba kwa miguu. Ya pili haikuwa ya maabara. Waganga wa mifugo walijifunza kutoka kwa watu wanaochunguza maisha ya jamii namna ya kuketi na wafugaji na kuuliza. Waliuliza majina ya magonjwa kwa lugha ya wenyeji. Waliwaomba wachore njia za kuhamia juu ya mchanga. Waliwapa kokoto wazigawe mafungu mafungu, kuonyesha ugonjwa gani uliua wengi na upi uliua wachache. Waliuliza ugonjwa ulionekana lini mara ya mwisho. Na mzee wa kifugaji hakujibu kwa tarehe, alijibu kwa jina la mwaka: mwaka wa vita fulani, mwaka wa mvua fulani. Aliyeuliza hakuwa na budi kuijua historia ya watu wale, ama sivyo hakusikia kitu.

Hivyo ndivyo maskani ya mwisho ya sotoka yalivyofuatwa katika nchi ya mpakani inayoshika kaskazini mashariki ya Kenya na kusini ya Somalia. Mara ya mwisho ugonjwa huo kuonekana duniani ilikuwa mwaka 2001, kwa nyati wa Mbuga ya Meru, mbuga inayopakana na Kinna, katika kaunti yetu hii ya Isiolo. Mwaka 2011 ilitangazwa kwamba sotoka imetoweka ulimwenguni. Kabla yake ugonjwa mmoja tu ulikuwa umefutwa na wanadamu, nao ni ndui. Ukiwauliza wataalamu ni nini kilichoishinda sotoka, watakuambia ni chanjo. Nao wasema kweli. Lakini chanjo ilikuwapo miaka arobaini na ugonjwa ungalipo. Iliyobaki ilikuwa kazi ya kusikiliza. Wahenga walisema penye wazee haliharibiki neno. Hapa neno liliharibika kwa miaka mingi, mpaka wazee walipoulizwa.

Sasa turudi kwenye maji, kwa maana hayo ndiyo hoja kubwa ya ufundi katika nchi kavu. Katika nchi ya Waborana maji hayatengwi na malisho. Eneo la malisho, liitwalo dedha, limegawanywa: kuna nyasi za majira ya mvua, nyasi za kiangazi, na nyasi za akiba zinazongoja mwaka wa shida. Wazee wa dedha ndio wanaosema ni lini mifugo waende wapi. Kwenye kisima yupo aba herega, msimamizi wa zamu za kunywesha, anayejua ni ng'ombe wa nani wanakunywa leo, na mgeni aliyefika na wanyama wenye kiu apewe nafasi gani. Hiyo ni sheria, nayo ni falsafa ya haki, ijapokuwa haikuandikwa kwa wino.

Mwaka fulani huja mtambo, ukachimba kisima kirefu katikati ya nyasi za akiba. Maji yanatoka mengi, watu wanafurahi, na furaha yao ni halali. Lakini maji yakiwapo mwaka mzima, mifugo nao huwapo mwaka mzima. Nyasi zilizowekwa kwa ajili ya shida huliwa wakati wa neema, na shida ikija hukuta maji yapo na malisho hayapo. Ng'ombe hufa kwa njaa kando ya birika lililojaa. Jambo hili limeonekana mara nyingi katika nyanda za kaskazini, na ndiyo sababu wazee wa malisho huomba visima vingine vifungwe wakati wa mvua. Mtambo utakuambia kina cha maji. Hautakuambia zamu ni ya nani. Mhandisi anayelijua jambo la kwanza na kulidharau la pili atachimba vizuri na kuharibu vizuri.

Usidhani, msomaji, kwamba elimu ya utu ililetwa kwetu na meli. Utaratibu wa gada wa Waoromo, ambao Waborana ni sehemu yao, uligawa uongozi kwa vipindi vya miaka minane minane, na kuuweka chini ya mkutano mkuu unaoweza kuwauliza viongozi walivyotenda. Msomi wa Eritrea, Asmarom Legesse, aliuandikia kitabu mwaka 1973, na mwaka 2016 UNESCO iliuweka katika orodha ya urithi wa wanadamu. Mtoto wa Sericho anaposoma habari za serikali ya watu wa Athene darasani, hasomi jambo geni kwa nyumba yake.

Liko jambo jingine ambalo ufundi hauwezi kulifanya hata kidogo, nalo ni kukumbuka kwa haki. Kati ya mwaka 1963 na 1967 palikuwa na vita vya Shifta katika kaskazini ya Kenya. Watu wa Isiolo walikusanywa vijijini chini ya ulinzi, mifugo wao wengi wakafa au wakauawa, na matajiri wa ngamia wakawa wachukuzi wa mizigo. Kisha mwaka 1970 Bunge lilipitisha Sheria ya Kinga, sheria fupi iliyozuia mashtaka juu ya matendo ya watumishi wa serikali katika eneo hilo kwa miaka ile. Fikiri juu ya hilo. Wengi wa walioguswa na maneno yale hawakuwa na uwezo wa kuyasoma. Ilipoundwa Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, iliyotoa taarifa yake mwaka 2013, wazee walisimama kutoa ushahidi wa mambo yaliyopita zaidi ya miaka arobaini. Wengine walikuwa wamekwisha kufa na ushahidi wao kifuani. Je, ni fundi gani angeweza kuutengeneza upotevu huo? Palihitajiwa mtu wa kuandika mapema, mtu wa kusoma sheria, mtu wa kusema kwa lugha inayosikika mbele ya baraza. Watu wasio na mwanahistoria wao huandikiwa historia na mwingine, na aghalabu mwingine huyo ndiye aliyewadhulumu.

Nimeisifu elimu ya utu vya kutosha. Ni haki pia niitaje aibu yake. Wako wanaosema kwamba historia na fasihi humfanya mtu kuwa mwema. Hilo si kweli, na mwalimu asiwadanganye wanafunzi wake. Januari 1942 watu 15 walikutana katika nyumba nzuri ya Wannsee, karibu na Berlin, kupanga mauaji ya Wayahudi wa Ulaya. Wanane kati yao walikuwa na shahada ya udaktari, na wengi wa hao waliipata kwa kusoma sheria. Elimu yao haikuwazuia. Iliwasaidia kuupa uovu maneno ya adabu. Kwa hiyo elimu ya utu si hirizi. Humpa mtu maswali ya kumwuliza mwenye nguvu na ya kujiuliza mwenyewe. Lakini kuyauliza kwahitaji ushujaa, na ushujaa hautahiniwi shuleni.

Tena uko ugonjwa mdogo kuliko huo, nao ni wa kila siku: ugonjwa wa kusema bila kuhesabu. Msomi wa maneno anayedharau tarakimu huweza kutoa hotuba nzuri juu ya njaa bila kujua magunia mangapi yanahitajiwa. Methali husema, mali bila daftari huisha bila habari. Anayetaka kuwatetea watu wa mto wetu ajue mito ya juu inachukua maji kiasi gani kabla ya kutufikia, ama sivyo atashindwa mara ya kwanza atakapoulizwa.

Basi nikushauri nini? Sikuambii kwamba elimu zote mbili ni sawa kisha nikuache ulipokuwa. Siku ya kuandika karatasi huwezi kuandika zote. Nasema hivi: kazi ya kukulisha, ichague kwa kipaji chako na kwa haja ya watu wako, na ikiwa vyote viwili vyakuelekeza kwenye uuguzi, umeme au maji, nenda huko bila kutazama nyuma. Nchi yetu ina upungufu wa watu hao, na kuwaponya watu ni ibada. Lakini kazi ni jambo moja, na elimu ni jingine. Hapana ruhusa kwa yeyote, awe mhandisi au daktari, kuwa mjinga wa habari za wanadamu atakaowatumikia, kama vile hapana ruhusa kwa mwanasheria au mwandishi kuwa mjinga wa hesabu. Ukichagua mitambo, soma historia ya mahali utakapoipeleka, jifunze lugha ya wenyeji, na uulize kabla ya kuchimba. Ukichagua historia au sheria, jifunze kupima na kuhesabu, na usione haya kushika jembe.

Na ikiwa kipaji chako ni cha maneno, nawe waona haya mbele ya wenzako walioingia njia ya sayansi, iondoe haya hiyo. Pengine utakuwa wewe utakayeandika kanuni za dedha zipate kusomwa mahakamani, au utakayekusanya ushahidi wa wazee wangali hai. Kazi hizo hazijapata watu wa kutosha. Wala usiwadharau wenzako, kwa kuwa utaandika kwa taa waliyoiwasha wao.

Mwanzo tuliuliza ni elimu ipi iliyo bora. Naona sasa kwamba bora ni mtu ambaye, akishika chombo chochote, hukumbuka kuuliza ni cha nani na kwa faida ya nani, kisha akakitumia kwa ustadi. Mtu huyo haandaliwi na njia moja ya masomo. Huandaliwa na yeye mwenyewe, jioni baada ya masomo, kwa kitabu ambacho hakuna mtihani utakaomwuliza, na kwa kuketi na wazee ambao hakuna cheti watakachompa.